Kuiacha nyama si kuiharamisha

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyetuumba na kutuandalia riziki nchi kavu na baharini. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kuna swali linalozidi kuulizwa majumbani mwetu, nalo si la jikoni peke yake. Baba anarudi kutoka hospitali akiwa ameagizwa apunguze nyama nyekundu kwa sababu ya shinikizo la damu au maradhi ya jongo. Kijana aliyeko chuoni anakuja likizo na kusema kwamba ameamua kula nafaka, kunde na mboga za majani tu, kwa kuwa moyo wake hauridhiki na namna wanyama wanavyosafirishwa na kuchinjwa. Mama mwenye nyumba naye anatazama bei ya kilo moja buchani, anahesabu ada za shule, na kuona kwamba fedha hiyo ingetosha maharage ya siku kadhaa. Kila mmoja ana sababu yake, lakini sufuria ni moja na sinia ni moja. Bibi anayesikiliza pembeni anashangaa na kuuliza: tangu lini Muislamu akaikataa nyama iliyochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu?

Swali la bibi ni la haki na linastahili jibu. Wapo wanaoona kuwa kuacha nyama ni kuiga dini za watu wengine. Wapo pia walioiacha, kisha wakaanza kuwatazama wazazi wao na jirani zao kama watu wakatili. Makundi haya mawili yote yamevuka mpaka. Katika makala haya tunakusudia kuonesha kwamba Sharia imempa Muislamu nafasi pana ya kuiacha nyama, au kuila kwa uchache, lakini haikumpa ruhusa ya kuiharamisha, wala ya kuzidhulumu haki za wengine kwa jina la uamuzi wake.

Aya iliyotaja jambo hili

Tuanze na Qur'an Tukufu. Katika Suratul Maida, aya ya 87, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawakataza walioamini wasivifanye haramu vitu vizuri alivyowahalalishia, na wala wasipindukie mipaka. Katika sababu za kuteremka kwa aya hiyo, Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) na kumweleza kwamba kila anapokula nyama matamanio yake humzidi nguvu, na kwa hiyo amejiharamishia nyama. Ndipo ikateremka aya hiyo. Mtu yule hakuwa mwovu, bali alitaka kuilinda nafsi yake. Kosa lilikuwa katika neno alilolitumia: alijiharamishia.

Katika Sahihi Muslim imo hadithi mashuhuri ya watu waliouliza juu ya ibada ya Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake, kisha mmoja akasema kuwa hataoa, mwingine kuwa hatakula nyama, na mwingine kuwa hatalala kitandani. Mtume (S.A.W.) alipopata habari zao, alieleza kwamba yeye huswali na hulala, hufunga na hufungua, na huoa wanawake, na kwamba anayeipa kisogo Sunna yake hayuko pamoja naye. Lililokemewa hapo ni dhana ya kwamba mtu humkaribia Mola wake zaidi kwa kukikataa alichomhalalishia.

Qur'an inautaja pia mfano wa kale. Katika Suratu Aali Imran, aya ya 93, tunaelezwa kwamba chakula chote kilikuwa halali kwa Wana wa Israili isipokuwa kile alichojizuilia Israili mwenyewe, naye ni Nabii Yaakub (A.S.), kabla ya kuteremshwa Taurati. Wafasiri wengi wamesema kuwa kilikuwa nyama ya ngamia na maziwa yake, na kwamba alijizuilia kutokana na maradhi yaliyokuwa yakimsumbua. Katika umma wetu mlango wa kujiharamishia umefungwa, lakini mlango wa kujizuia kwa sababu ya maradhi umebaki wazi.

Kuacha bila ya kukataza

Je, kuna dalili kwamba mtu anaweza kuacha kula kitu cha halali bila ya kukiharamisha? Ipo, na iko wazi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.), akiwa nyumbani kwa Bibi Maimuna (R.A.), aliletewa nyama ya kuchoma ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Alipoambiwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akamuuliza kama ni haramu. Mtume (S.A.W.) akajibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwa katika nchi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta nyama na kuila, na Mtume (S.A.W.) akimtazama.

Ndugu msomaji, zingatia adabu iliyomo katika kisa hicho. Aliyeacha hakumkataza aliyekula, na aliyekula hakumlazimisha aliyeacha. Hapakuwa na dharau wala mahubiri juu ya sinia. Tena imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula aibu hata mara moja: akikipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Laiti nyumba zetu zingeishika Sunna hii moja, ugomvi mwingi wa jikoni ungekwisha.

Pamoja na hayo, tusije tukamsingizia Mtume (S.A.W.) kuwa hakula nyama. Alikula, na imethibiti kwamba alipenda sehemu ya mkono wa mnyama. Lakini nyama haikuwa chakula chake cha kila siku. Bibi Aisha (R.A.) alimweleza mpwa wake Urwa kwamba miezi mitatu ilikuwa ikiandama mfululizo, katika muda wa miezi miwili, bila ya moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (S.A.W.). Alipoulizwa waliishi kwa nini, alitaja tende na maji, pamoja na maziwa waliyokuwa wakitunukiwa na jirani zao wa Kiansari. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.) kwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye maboga na nyama kavu, naye Anas akamwona akiyatafuta maboga pembezoni mwa bakuli. Na siku alipoomba kitoweo, akaambiwa hakuna isipokuwa siki, aliiomba hiyo siki, akaila na kuisifu.

Ni vizuri tulikumbuke hili katika zama ambazo, kwa baadhi yetu, chakula kisicho na nyama hakihesabiwi kuwa ni chakula. Kuna nyumba ambazo watu wamekula wali na mbaazi za nazi wakashiba, kisha wakisikia hodi wanaficha sahani kwa aibu. Aibu hiyo haina asili katika dini yetu.

Umar na mkoba wa nyama

Maswahaba waliielewa hatari ya nafsi kuizoea nyama. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar bin Khattab (R.A.) aliwatahadharisha watu na nyama, akisema kuwa ina mazoea yanayomnasa mtu kama mazoea ya pombe. Humo humo imepokewa kwamba alikutana na Jabir bin Abdillah (R.A.) akiwa amebeba nyama, akamuuliza ni nini. Jabir akajibu kuwa waliitamani nyama, akanunua ya dirhamu moja. Umar hakumwambia kuwa amefanya haramu. Alimuuliza kama hakuna miongoni mwao anayetaka kulikunja tumbo lake kwa ajili ya jirani yake au binamu yake.

Kisha ukaja mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa 18 Hijria, unaojulikana katika tarehe kama Mwaka wa Ramada. Imepokewa kwamba Umar, naye ni khalifa mwenye hazina mkononi, aliapa kutokula samli, maziwa wala nyama mpaka watu wapate neema. Akawa anakula mkate na mafuta ya zeituni, hata rangi ya ngozi yake ikabadilika na tumbo lake likawa linanguruma. Huyo ni kiongozi aliyeacha nyama bila ya kuiharamisha. Aliiacha kwa sababu raia wake hawakuwa nayo, na uchumi wa tumbo lake ukawa sehemu ya uadilifu wake.

Hapa ndipo tunapopata kipimo cha kwanza cha anayekusudia kuacha nyama leo. Ajiulize: kitakachobaki mfukoni kitakwenda wapi? Ikiwa kitakwenda katika haki ya jirani mwenye njaa, ada ya mtoto au deni la muda mrefu, basi kuacha kwake kuna thawabu kwa nia yake. Ikiwa kitakwenda katika anasa nyingine, amebadilisha sahani tu, nafsi ni ile ile.

Huruma kwa wanyama

Baadhi ya vijana wetu wanasema wameacha nyama kwa kuwahurumia wanyama. Wasichekwe. Qur'an, katika Suratul An'am, aya ya 38, inawaita wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wetu. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim, ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Muislamu anayechukizwa na ng'ombe waliofungwa kamba siku nzima juani bila ya maji, au kuku waliorundikwa ndani ya tenga wakiwa wamefungwa miguu, anachukizwa na jambo ambalo dini yake imelichukia kabla yake.

Swali hili si geni katika umma wetu. Mshairi na mwanachuoni wa lugha Abul Alaa al-Maarri, aliyezaliwa katika mji wa Maarrat al-Nu'man huko Sham mwaka 973 na kufariki mwaka 1057, alikuwa kipofu tangu utotoni kwa ugonjwa wa ndui. Kwa zaidi ya miaka 40 ya mwisho wa umri wake hakula nyama, na alijinyima pia mayai, maziwa na asali. Katika uzee wake alipata barua kutoka kwa al-Muayyad al-Shirazi, mlinganiaji wa dola ya Kifatimi, aliyetaka kujua hoja yake. Al-Maarri akataja katika majibu yake maumivu ya wanyama, na akataja pia kwamba kipato chake kilikuwa dinari ishirini na kitu kwa mwaka, na sehemu yake ilikwenda kwa mtumishi wake. Upande wa pili ulimjibu kwa hoja ambayo bado inasikika hadi leo: mwanadamu hawezi kuwa na huruma kuliko Muumba aliyewahalalisha wanyama hao.

Wanavyuoni wamehitalifiana sana juu ya itikadi ya al-Maarri, wala hatumtaji ili awe kiigizo. Tunamtaja kwa kuwa majadiliano yake yanatuonesha mahali pa kusimama. Mtu akisema kuwa nafsi yake haimudu kula nyama, hilo ni lake. Akisema kuwa kuchinja kwenyewe ni dhulma, amemsahihisha Mola wake aliyesema katika Suratun Nahl, aya ya 5, kwamba katika wanyama hao tunapata joto, manufaa na chakula. Huruma ya Kiislamu ina kazi nyingine ya kufanya: kudai kwamba machinjio yetu, malori yetu na masoko yetu yafuate hadithi ya Shaddad.

Wasemayo wataalamu wa afya

Afya ni amana, na kinga ni bora kuliko tiba. Mwezi Oktoba 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu ikawekwa katika kundi la vitu vinavyoelekea kuwa hivyo. Wataalamu wake walikadiria kwamba kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa karibu asilimia 18. Ieleweke kwamba makundi hayo yanapima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari, kwa hiyo mtu asiogopeshwe na mshikaki mmoja wa Idi. Lakini anayekula soseji kila asubuhi na supu ya kongoro kila jioni ana jambo la kulifikiri.

Kwa upande wa pili, Mwenyezi Mungu ametujaalia neema ambazo hatuzithamini. Maharage makavu, kunde, choroko, mbaazi na dengu zina protini inayofikia takriban sehemu moja kati ya tano ya uzito wake, na soya huzidi hapo. Humo mna nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo na sukari ya damu, ambazo nyama haina kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku. Katika Suratu Abasa, kuanzia aya ya 24, mwanadamu ameamrishwa akitazame chakula chake, kisha zikatajwa nafaka, zabibu, mboga, zeituni, mitende, mabustani na matunda. Ni orodha ambayo mtaalamu wa lishe hawezi kuilaumu.

Hata hivyo, elimu ni lazima iitangulie hamu. Kuna mambo manne ambayo anayeacha nyama anapaswa kuyajua.

La kwanza ni vitamini B12. Hii haipatikani katika mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Ukosefu wake huharibu damu na mishipa ya fahamu, na kwa kuwa mwili huweka akiba, dalili huweza kuchelewa kwa miaka. Anayeendelea kula mayai, maziwa au samaki ana njia ya kuipata. Anayeviacha vyote hana budi kutumia vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa ya metformini awe mwangalifu zaidi, kwa sababu dawa hiyo nayo huweza kuipunguza B12 mwilini.

La pili ni madini ya chuma. Yaliyomo katika kunde na majani hufyonzwa kwa uchache kuliko yaliyomo katika nyama. Ndimu, chungwa au nyanya katika chakula husaidia kuyafyonza, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake pia kuna faida. Mchicha wenye ndimu, na chai iliyosogezwa saa moja au mbili baada ya mlo, ni tiba isiyohitaji duka la dawa.

La tatu ni badala ya nyama. Aliyeondoa nyama na kuweka chapati nne, andazi na soda hajaifaa afya yake. La nne ni kwamba mwenye maradhi ya figo, kisukari au mwingine anayetumia dawa asibadilishe mlo wake kwa ghafla bila ya kumshauri daktari wake.

Haki za walio nyumbani

Tunafika sasa kwenye sehemu nzito zaidi. Mtu anaweza kuamua juu ya tumbo lake. Je, anaweza kuamua juu ya matumbo ya wengine?

Wanavyuoni wa fiqhi wameliangalia jambo hili kwa undani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika kitabu chake Minhaj al-Talibin, ambacho ni nguzo katika madhehebu ya Imam Shafi yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, ameitaja nyama katika mlango wa matumizi ya mke: mume hulazimika kumpa kwa kadiri ya wasaa au dhiki yake, na kwa ada ya mji wao. Hivyo mume mwenye uwezo, anayeishi mahali ambapo nyama ni kawaida, hawezi kusema kwamba kwa kuwa yeye ameacha basi mkewe na ajizoeze. Kama mke ameridhia kwa hiari yake, hilo ni jema na ni maafikiano. Kama hakuridhia, haki yake haifutwi na daktari wa mumewe.

Watoto wadogo wana haki kubwa zaidi, kwa sababu hawawezi kujisemea. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai. Mwili wa mtoto unakua upesi na tumbo lake ni dogo. Bakuli la uji mtupu hulijaza bila ya kumlisha. Mama mjamzito na anayenyonyesha, ambao upungufu wa damu huwanyemelea, nao wanahitaji uangalizi. Mzazi anayemnyima mtoto wake yai au dagaa ili kutimiza fikra aliyoipenda yeye, na hali anaweza kumpa, ajue kwamba ataulizwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya anachokichunga.

Upande wa pili wa haki hizo umo kwa mgonjwa. Si uungwana kwa jamaa kumpikia baba mwenye jongo maini na figo, kisha wakamwambia asiwe na wasiwasi, ajali ni ya Mungu. Ajali ni ya Mungu kweli, na kujitia katika maangamizo kumekatazwa na Mungu huyo huyo. Kijana aliyeamua kutokula nyama naye asilazimishwe kwa vijembe. Apikiwe naye mbaazi zake, na yeye aungane na wenzake kwenye mkeka, asiuhame kwa kujiona msafi zaidi yao.

Idi, walima na mialiko

Je, aliyeacha nyama atafanyaje siku ya Idi el-Hajj? Kuchinja udhiya ni Sunna iliyotiliwa mkazo kwa Imam Shafi na wanavyuoni wengi, na ni wajibu kwa mwenye uwezo katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa. Ibada hiyo haianguki kwa kuwa mtu hapendi nyama. Suratul Hajj, aya ya 37, inabainisha kwamba nyama zake na damu zake hazimfikii Mwenyezi Mungu, bali kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Mwenye udhiya ya Sunna anapendekezewa kula kidogo, lakini hakulazimishwa. Anaweza kuwagawia wengine mnyama wake wote, na huenda katika mtaa wake wapo ambao hiyo ndiyo nyama yao ya mwaka mzima. Kwao yeye ni mlango wa riziki, na akiacha kuchinja ameufunga mlango wao. Hukumu ya akika nayo inafanana na hiyo.

Ama mialiko, Jabir (R.A.) amepokea hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim kwamba aliyealikwa aitikie, kisha akitaka atakula na asipotaka ataacha. Kwa hiyo mtu asikate undugu kwa kukimbia biriani. Aende kwenye harusi, awapongeze maharusi, awaombee dua, ale wali na kachumbari, na amshukuru mwenyeji. Hakuna haja ya kumweleza kila aliyeketi karibu naye sababu za kutokula kwake.

Jambo moja tunalisisitiza: asiape. Wapo wanaosema kwa hamasa, Wallahi sili nyama tena. Kisha mama yake mzazi humpikia kwa mapenzi, au daktari humshauri arudie kwa sababu ya upungufu wa damu, akajikuta amebanwa na ulimi wake. Aliyeapa kisha akaona jambo jingine ni bora, na alitende lililo bora na atoe kafara. Kafara hiyo imetajwa katika aya ya 89 ya Suratul Maida, aya mbili tu baada ya ile tuliyoanza nayo: kuwalisha masikini 10 au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, na asiyepata afunge siku tatu. Ni salama zaidi kusema kwa utulivu: nimeamua kupunguza, Mungu akipenda.

Njia ya kati

Kwa nyumba nyingi, tunaona kuwa njia inayofaa ni ya kati. Mimea iwe ndiyo msingi wa sinia, na nyama ije mara chache na kwa kiasi. Hilo si geni kwetu. Futari ya Ramadhani katika mwambao ni mihogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi mbichi za nazi. Tunalo borohoa, tunacho kisamvu, tunazo kunde, mchicha na mchuzi wa dengu. Bibi zetu walilea watoto wenye afya kwa vyakula hivyo, wakiongeza dagaa au samaki walipopatikana. Tui nalo lisiwe zito kila siku kwa wenye maradhi ya moyo.

Siku ya nyama ikifika, tukumbuke wasia wa Mtume (S.A.W.) kwa Abu Dharr (R.A.) kwamba anapopika mchuzi aongeze maji yake na awaangalie jirani zake. Nusu kilo ndani ya sufuria ya maharage na mboga hulisha nyumba nzima, na bakuli moja likatoka kupelekwa nyumba ya pili. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa kila chakula, kiwe cha nyama au cha majani, kipimo ni kile cha hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (R.A.) aliyoipokea Tirmidhi: theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji, na theluthi kwa pumzi. Anayelijaza tumbo kwa mbaazi hana ubora juu ya anayelijaza kwa nyama.

Basi bibi aliyeuliza ajibiwe kwa upole. Mjukuu wake hakuikataa halali ya Mwenyezi Mungu madhali anasema kuwa ni halali, anaheshimu sahani ya mwenziwe na hamnyimi mtu haki yake. Na mjukuu naye akumbushwe kwamba sahani ya bibi yake imehalalishwa na aliyewaumba wote wawili pamoja na mnyama.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kula kilicho halali na kizuri, atukinge na israfu na ugumu wa nafsi, awaponye wagonjwa wetu, na azitie baraka riziki zetu ziwe nyingi au chache. Amin. Wallahu a'lam.